Mseto Hupikwa Chungu Kimoja: Miungano ya Vyama na Duru ya Pili ya Urais

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa zaidi katika mambo ya biashara, lakini inaufaa pia uwanja wa siasa. Kura ni mali ya mwananchi. Chama kinapoungana na kingine ili kuwania urais, huichukua mali hiyo na kuitia katika ubia. Swali la makala haya ni hili: daftari la ubia huo liandikwe lini, na kwa lugha gani?

Ibara ya 138 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na vilevile angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Asipopatikana mshindi wa namna hiyo, wagombea wawili wanaoongoza hurudi kwa wananchi katika muda wa siku 30. Duru hiyo ya pili haijawahi kufanyika, kwani marudio ya Oktoba 2017 yalitokana na hukumu ya Mahakama ya Juu. Hata hivyo, imekwisha kutukaribia. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, takriban kura 8,000 juu ya nusu. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49, akiivuka nusu kwa kura zisizofika 70,000. Mwaka huo kaunti ya Lamu, yenye wapiga kura wachache kuliko kaunti zote, ilikuwa na waliojiandikisha zaidi ya 80,000.

Kwa mpiga kura wa Mbwajumali, katika kisiwa cha Pate, jambo hili lina uzito wa pekee. Katika duru ya kwanza Lamu huhesabiwa kuwa kaunti moja, sawasawa na Nairobi. Mgombea anayezisaka kaunti 24 ana sababu ya kupanda chombo na kuvuka maji hadi Pate. Katika duru ya pili sharti la kaunti halipo tena, na mwenye kura nyingi zaidi ndiye rais. Hapo Lamu hurudia udogo wake, na vinara wenye siku 30 tu hukimbilia penye vichwa vingi. Mapatano yanayongojea siku hizo yatafanywa bila Mbwajumali kukumbukwa. Kwa hiyo, ninashikilia kwamba muungano wa vyama ufungwe na kutangazwa kabla ya kura ya kwanza, wakati mnyonge angali na kitu cha kudai.

Sisemi kwamba miungano haina faida. Mwaka 1992 na 1997 upinzani uligawanyika, na Daniel arap Moi akashinda kwa kura pungufu ya nusu. Mwaka 2002 vyama vya NAK na LDP viliungana kuwa NARC, na Mwai Kibaki akapata zaidi ya asilimia 60. Umoja ulikuwa nguvu kweli. Lakini maandishi ya makubaliano yao hayakuwa mikononi mwa wananchi. LDP ilipolalamika kwamba haikupewa vyeo ilivyoahidiwa, mpiga kura hakuwa na pa kutazama ili ajue nani mkweli. Ilipofika kura ya maoni ya 21 Novemba 2005, washirika wa jana walikuwa wamesimama katika kambi mbili.

Senegal inatupa mfano wa duru ya pili yenyewe. Mwaka 2012 Macky Sall alipata takriban asilimia 27 katika duru ya kwanza, nyuma ya Rais Abdoulaye Wade. Wagombea walioshindwa wakamuunga mkono, naye akashinda duru ya pili kwa takriban asilimia 66. Katika kampeni alikuwa ameahidi kuupunguza muhula wake kutoka miaka saba hadi mitano. Mwaka 2016 Baraza la Katiba lilitoa maoni kwamba muhula uliokwisha kuanza haupunguzwi, naye akaukamilisha wote. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na hati hulipwa kwa hiari ya mdaiwa.

Sheria yetu nayo ina mwanya. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 ilitaka mkataba wa muungano uwasilishwe kwa Msajili wa Vyama, na ule unaofanywa baada ya uchaguzi ilitoa siku 21 tangu utiwe saini. Tukiutumia muda huo kwa duru ya pili, vyama vinavyopatana siku ya kumi vitakuwa na ruhusa ya kuwasilisha karatasi wananchi wakiwa wamekwisha kupiga kura.

Wako watakaopinga wakisema kwamba duru ya kwanza ndiyo mizani, na kwamba chama hakiwezi kumchagua mshirika kabla ya kujua uzito wake. Hoja hii ina ukweli. Hata hivyo, chama kinaweza kutangaza mapema masharti yake: tukishindwa, tutamuunga mkono yule atakayekubali mambo haya na haya. Mavuvi yana kanuni kama hiyo. Fungu la mwenye chombo, la nahodha na la mabaharia hujulikana kabla ya tanga kupandishwa, ingawa hakuna ajuaye kiasi cha samaki watakaopatikana.

Limebaki suala la lugha, ambalo linatuhusu sisi wana-Kiswahili. Miungano mikubwa ya 2022 ilijiita Azimio la Umoja na Kenya Kwanza, majina matamu ya Kiswahili, lakini mikataba yake iliandikwa kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Je, lugha inayotosha kuombea kura haitoshi kuandikia masharti ya kura hizo? Uchaguzi wa Agosti 2027 uwe kipimo. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viwadai wanasiasa mikataba kwa Kiswahili, na wakikataa, tuitafsiri sisi wenyewe na kuisambaza.

Tukumbuke kwamba neno letu mseto, kabla ya kuingia serikalini, lilikuwa chakula. Choroko na mchele hupikwa chungu kimoja vikaiva pamoja. Choroko zilizomwagwa juu ya wali uliokwisha kupakuliwa si mseto, na anayeandaliwa sahani hiyo ana haki ya kuuliza ni nani aliyepika.