Usione haya kuuliza kilichomo chakulani

Basi likisimama Garsen, abiria hukimbilia hotelini. Dereva ametoa dakika ishirini tu. Mhudumu anasimama mezani na kutaja vyote kwa pumzi moja: pilau, wali wa nazi, maharagwe, chapati, samaki wa mto, nyama ya mbuzi. Unaagiza upesi, unakula upesi, unarudi kitini. Nani ana nafasi ya kuuliza samaki yule alikaangwa katika mafuta gani?

Kwa wengi wetu hilo si neno. Lakini yuko abiria ambaye kwake swali hilo ni la kufa na kupona. Huyo ni mwenye mzio wa chakula, au aleji kama wengi tunavyoiita.

Miaka kadhaa iliyopita nilipita hapo na mpwa wangu tukielekea Lamu. Kijana huyu hali njugu karanga. Tangu utotoni akizionja tu midomo humvimba. Tulimwuliza mhudumu iwapo mchicha ulikuwa na njugu. Akacheka: "Hakuna shida, mzee, kuleni tu." Jikoni hakwenda kuuliza. Vijiko vitatu baadaye kijana alikuwa akijikuna shingo, na sauti ikaanza kukwama kooni. Mchicha ulikuwa umeungwa kwa njugu za kusaga. Tulimkimbiza kwa muuguzi aliyekuwa na sindano ya adrenalini, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Je, kama yangetukuta porini? Kutoka Garsen hadi Malindi ni kama kilomita 110.

Simlaumu mhudumu peke yake. Sisi wenyewe tumelelewa kwamba mgeni hakatai chakula. Mpokomo akikukaribisha kwa wali na samaki, au Muorma akikupa maziwa, kukataa huonekana ni dharau. Anayeuliza maswali huitwa mwenye maringo. Basi wenye mzio hunyamaza, wakala huku wakiomba Mungu. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Ni vyema, msomaji, tutofautishe mambo mawili. Kuna watu ambao maziwa huwajaza gesi tumboni na kuwaharisha kwa kuwa miili yao haiwezi kusaga sukari ya maziwa. Hao huteseka, lakini huo si mzio. Katika mzio, kinga ya mwili huichukulia protini ya chakula kuwa adui. Mwili huwasha na kuvimba, pumzi hubana, shinikizo la damu hushuka, na mtu aweza kufa kwa muda mfupi. Chembe ndogo tu yatosha.

Wala usidanganyike kwamba moto huondoa hatari. Mafuta yaliyokaanga kamba yakikaanga viazi, mwenye mzio wa kamba hayuko salama kwa viazi hivyo. Mayai na maziwa hujificha katika mahamri na chapati, korosho katika haluwa, na ngano katika sambusa.

Ufanyeje basi? Kwanza, usimwulize mhudumu, "Hakuna njugu, sivyo?" Atakubali tu ili akuridhishe. Omba kuonana na mpishi umwulize, "Umetia nini humu?" Asipojua, usile. Pili, agiza chakula chepesi ambacho viungo vyake vyajulikana, au funga chako kutoka nyumbani. Tatu, usisafiri bila dawa uliyoandikiwa na daktari. Vidonge vya piritoni hutuliza mwasho, lakini havifungui koo linaloziba. Dawa ya kwanza ni adrenalini, hudungwa katika msuli wa paja. Mgonjwa alazwe na miguu iinuliwe; akishindwa kupumua aketi. Asisimamishwe wala kutembezwa, na apelekwe hospitalini hata akipata nafuu.

Huko Ulaya, tangu Desemba 2014, sheria inawataka wenye hoteli kumweleza mteja kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14 vinavyojulikana kuleta mzio. Wenye hoteli wa Garsen, Hola na Malindi hawana haja ya kungoja sheria. Ubao na chaki vyatosha: "Mboga hii ina njugu." Kijiko cha njugu kisiingie sufuria nyingine. Maafisa wa afya ya umma wanaokagua vyoo na vyeti vya wapishi nao waulize: mteja akitaka kujua kilichomo chakulani, nani atamjibu kwa hakika?

Nawe usiye na mzio, jirani yako wa mezani akiuliza mara tatu, usimcheke wala usimharakishe. Dereva naye na amngoje. Dakika tano za kuchelewa Lamu si kitu mbele ya maisha ya mtu.