Kabla ya kupanga chumba mpakani, uliza nyaya

Mfanyabiashara anayelala mpakani huuliza kodi, maji na kufuli. Nyaya haziulizi. Ilhali nyumba nyingi kongwe za Busia, Namanga au Rusumo zilitandazwa umeme wa balbu na redio tu. Leo chumba hichohicho kina marobota ya mitumba hadi darini, na birika na pasi vimechomekwa kwenye ekstensheni moja.

Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 huvuta kwa pamoja zaidi ya ampia 13, ambacho ndicho kiwango cha juu cha fyuzi ya plagi ya pini tatu. Fyuzi ikikatika, wapo wanaoweka kipande cha waya mahali pake. Hapo ulinzi umekwisha. Kitakachoungua ni nyaya zilizo ukutani, kisha mtaji.

Liko pia la mpakani hasa. Burundi na Kongo hutumia zaidi plagi za pini za mviringo, Kenya, Uganda na Tanzania pini tatu bapa. Adapta nyingi za bei chee hazina njia ya ethi, na jokofu likipata hitilafu humpiga shoti anayeligusa.

Soketi ikipata moto au ikinuka plastiki, zima swichi kuu, uite fundi mwenye leseni. Usifungue mwenyewe: nyumba za zamani zina nyaya nyekundu na nyeusi, za sasa kahawia na bluu, na mara nyingi zimechanganywa.

Gharama, kwa maoni yetu, ni ya mwenye nyumba. Iandikwe kwenye mkataba kabla robota la kwanza halijashushwa.