Neno Linapokosekana: Kiswahili na Utafiti wa Ukatili wa Mtandaoni dhidi ya Watoto

Makala haya mafupi yanadai kwamba utafiti wa kuzuia ukatili wa kingono dhidi ya watoto mtandaoni, unaodhaniwa kuwa kazi ya polisi na wataalamu wa kompyuta, ni kazi ya wanaisimu pia.

Katika utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF uliochapishwa mwaka 2022, walisailiwa watoto 996 wa Tanzania wa umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili huo katika mwaka uliotangulia. Waliopeleka taarifa polisi au kupiga namba 116 walikuwa wachache mno. Fedheha na hofu ni miongoni mwa sababu. Sisi tunaongeza nyingine: mtoto hushtaki kwa maneno aliyopewa.

Maneno gani amepewa? Tangu Azimio la Arusha la 1967, 'unyonyaji' umebeba maana ya kula jasho la mwingine. Na kwa mama wa Salale au Mbwera, mtoto anayenyonya yu salama kifuani. 'Ukatili wa kijinsia' nao huchanganya jinsia na ngono. 'Ponografia ya watoto', tafsiri ya istilahi ya kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, huifanya jinai ionekane kuwa tawi la burudani ya watu wazima. Mwongozo wa Luxembourg wa 2016 ulishauri istilahi hiyo iepukwe. Lugha ya nyumbani, kwa upande wake, ina tafsida: 'kuchezewa', 'tabia mbaya', 'kuharibiwa'. Tafsida hizi humsitiri msikilizaji, lakini 'kuharibiwa' humwachia mtoto ila isiyo yake. Tena, hakuna hata moja inayoitaja picha, ambayo humdhuru mtoto upya kila inapotazamwa.

Yamkini itasemwa kwamba vijiji vya delta ya Rufiji, vinavyofikiwa kwa mashua kati ya mikoko, viko mbali na vikundi hivyo vya siri. Hoja hii ni dhaifu. Picha iliyopigwa Kibiti haingoji maji kujaa ili isafiri. Tangu mwaka 2020, shirika la Suojellaan Lapsia la Finland limewahoji watumiaji wa picha hizo katika mtandao uliofichika. Wengi walijibu kwamba walianza kuziona kabla ya kutimiza miaka 18. Kinga, basi, haina budi kumfikia mtoto mapema, kwa lugha anayoielewa.

Pwani yetu haikukosa msamiati wa mwili. Umehifadhiwa katika jando na unyago. Huko pia kuna siri, lakini kungwi anajulikana kwa mzazi. Siri ya mtandaoni haina anayeiwajibikia. Hatupendekezi ya unyago yaanikwe hadharani. Tunapendekeza hojaji zisitafsiriwe tu kutoka Kiingereza, bali zijengwe kwa kuwasikiliza makungwi, walimu na akina mama, kwa Kiswahili na kwa Kindengereko. Aidha, BAKITA na idara zetu zijadili istilahi kama 'picha za ukatili wa kingono kwa watoto'.

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama nchini. Heshima hiyo ina deni lake: mtoto asimame mbele ya hakimu akiwa na neno linalomtaja mkosaji, si linalomwaibisha yeye.