Gurudumu la upepo mu lupango



Mwezi huu tutoke kidogo inje ya nyumba, tuangalie lupango. Wengi wetu tunafagia asubuhi, tunapanda mwembe na mupapai, kiisha basi. Tukiona mutu anasimamisha mu lupango lake kitu kisicholiwa na kisichouzishwa, tunacheka: "Yule anakosa kazi!" Leo nataka kukuelezea habari ya mutu mumoja wa namna hiyo, kwa sababu alikuwa fundi wa mashini kama baba wengi wa miji yetu ya mukuba.

Jina lake ni Vollis Simpson. Alizaliwa mwaka 1919 kule Lucama, fasi ndogo ya mashamba ya tumbako katika jimbo la North Carolina, Marekani. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa askari ku kisiwa cha Saipan, katika bahari ya Pasifiki. Kulikuwa ndege ya vita iliyoharibika, B-29. Yeye akatoa vipande vyake, akatengeneza kinu cha upepo cha kuzungusha mashini ya kufua nguo za askari. Angalia akili hiyo! Watu waliona feraye tu, yeye aliona namna ya kufua nguo bila kuchoka.

Nyuma ya vita alirudi kwao, akafungua ateliye ya kutengeneza mashini. Alifanya pia kazi ya kuhamisha nyumba, maana kule nyumba za mbao zinaweza kubebwa nzima juu ya motokari. Miaka ikapita, mikono ikazoea vyuma vizito. Karibu mwaka 1985, akiwa na miaka zaidi ya sitini, akaacha kazi. Ateliye yake ilijaa vyuma vya zamani ambavyo hakuna mutu aliyevitaka. Hapo akaanza kusimamisha mu shamba, karibu na ateliye, magurudumu ya upepo. Mengine yalipita meta 15, ni kusema urefu wa nyumba ya etaji ine ao tano.

Alivitengeneza na nini? Na magurudumu ya kinga, vantilateri, mabomba, rulema, vioo, bati, na alama za barabara zilizotupwa. Zile alama alizikata vipande vidogo vidogo, akavipiga misumari ku kila gurudumu. Muchana upepo ukivuma, unaona mutu wa chuma anaendesha kinga, mwingine anapiga gitare, nyumbu wanavuta gari, ndege inazunguka. Usiku motokari ikipita na kuwasha taa, shamba nzima inawaka kama nyota. Vijana wa kule walikuwa wanakuja usiku kwa makusudi, kuangalia tu.

Mwaka 1995 kazi yake moja kubwa ikasimamishwa Baltimore, mbele ya nyumba ya makumbusho, na mwaka 1996 zingine zikaonyeshwa Atlanta wakati wa michezo ya Olimpiki. Mzee akaendelea kuvaa nguo zake za ateliye. Tangu mwaka 2010 watu wa muji wa Wilson, karibu na kwake, walianza kuteremusha vile vinu na kuvitengeneza upya, maana kutu ilikuwa inavila. Mwenyewe alikufa mwaka 2013, akiwa na miaka 94. Mwaka uleule jimbo lake likatangaza magurudumu hayo kuwa sanaa ya watu wa jimbo. Bustani yenye vinu vyake 30 ilifunguliwa rasmi mwaka 2017, katikati ya Wilson, fasi ambapo zamani watu walikuwa wanauzisha tumbako. Tumbako ndiyo iliukuza muji ule, kiisha soko yake ikaanguka. Sisi watu wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, hatuhitaji kufasiriwa maana yake muji kubaki nyuma ya kazi yake.

Sasa niseme wazi kwa nini ninakuletea habari hii. Tuko na wababa ambao walifanya kazi miaka makumi mbili, makumi tatu, ku ateliye, ku furu, ku njia ya reli. Wanajua kulehemu, kukata, kupima kwa jicho tu bila kukosea. Siku kazi ilipokwisha, hakuna mutu aliyewaambia kwamba mikono yao haijakwisha. Baba anakaa chini ya mwembe, anaongea kidogo, anakasirikia watoto kwa sababu ndogo. Mama anasema: "Pasta, bwana yangu yuko pale, lakini ni kama hayuko." Mama, ukiona siku moja anaokota gurudumu la kinga na kulizungusha kwa kidole, usimucheke. Mwachie ile kona ya lupango. Muombe tu atengeneze kitu cha kuzunguka kwa ajili ya wajukuu, kiisha umutume mutoto akae karibu yake, ashike koleo. Ujuzi unapita mikono kwa mikono namna hiyo, na ukienda ku kaburi bila kupita, ni hasara ya muji muzima.

Ninyi vijana, sikieni vilevile. Kwa jirani zetu wa Malawi, mwaka 2002, kijana wa miaka 14 jina lake William Kamkwamba alijenga kinu cha upepo na vipande vya kinga na vantilateri ya trakta, akawasha taa kwao. Alikuwa ametoka ku masomo kwa kukosa feza za shule. Wanakijiji walifikiri amechanganyikiwa mpaka taa ilipowaka.

Lakini chuma kinatoka wapi? Hapa sitasema polepole. Mutu anayekata waya wa umeme usiku, ao anayengoa alama ya barabara, hajengi pambo hata kama gurudumu lake linazunguka vizuri. Mukuba wa waya ule ni taa ya hospitali, ni pompi ya maji ya kartie nzima. Pita ku ateliye, omba vilivyotupwa, lipa kidogo kama wanaomba kulipwa, na ukubali waandike ku karatasi. Kopo za maziwa na za mafuta zinatosha kwa kuanza. Rimu ya kinga iliyopinda inatosha.

Kwa mwenye kutaka kujaribu: kata mapanga sita ao nane ya bati, yenye kipimo kimoja, na yote uyapinde upande mumoja. Likipindwa moja upande mwingine, gurudumu litagomba na upepo. Ekseli ya kinga pamoja na vidude vyake vya kuzunguka inafaa sana. Kunja ncha zote za bati na nyundo, maana bati inakata vidole vya watoto kuliko kisu.

Mshale wa upepo, ao jogoo, ni kazi nyepesi zaidi, lakini uko na siri yake. Mukia lazima uwe mupana kuliko kichwa, na uzito uwe sawasawa pande mbili za nguzo. Upepo unasukuma mukia, kichwa kinageuka kuangalia upepo unakotoka. Wengi wanadhani kichwa kinaonyesha upepo unakoenda. Hapana! Jogoo anaangalia adui usoni. Ulaya wamemweka juu ya makanisa tangu zamani sana. Yule wa askofu Ramperto wa Brescia, kule Italia, ni wa karne ya 9, na angali anaonekana ku nyumba ya makumbusho. Watu wengi wakimwona wanakumbuka jogoo wa Petro, yule wa usiku wa kukana.

Faida yake kwetu? Iko. Wakati wa kiangazi upepo wetu unatoka zaidi kusini-mashariki. Lubumbashi tanuru la kuyeyusha mukuba lilianza mwaka 1911, na upepo huohuo ulibeba moshi wake miaka na miaka kuelekea kaskazini-magharibi. Upande ule miti ilikufa, udongo ukashika vumbi la metali, hata watu waliopanda mboga pale walipata udongo muchafu. Mbele ya watu kujenga hakuna aliyewaonyesha mshale. Basi wewe uweke wako, uangalie mwezi mumoja ao mbili, ndipo uchague fasi ya choo, fasi ya mbabula, na upande wa kufungua dirisha la chumba cha watoto. Mama anayepika na makala ataona tofauti kwa macho yake, maana hayatamuwasha tena.

Kuna maneno mawili ya kuangalia. La kwanza ni radi. Mvua ya kwetu iko na radi kali, na nguzo ya chuma iliyopita nyumba kwa urefu ni kama kuiita. Fanya nguzo fupi, isipite paa wala mwembe, uiweke mbali na mulango na mbali na kamba ya nguo. Mawingu yakijikusanya, mutoto asiguse. Usidanganywe na mutu anayesema kwamba jogoo mwenyewe anafukuza radi. Ku minara ya Ulaya ni waya munene unaoshuka mpaka chini ya udongo ndio unaochunga nyumba.

La pili ni majirani. Wataona kitu kinazunguka usiku pasipo mutu, watasema: "Ile iko dawa." Usikasirike, wala usifunge mulango. Ita watoto wa barabara nzima siku unapokisimamisha, muchana, mbele ya watu wote, na umwachie kila mutoto asukume panga moja. Mutoto aliyepaka rangi panga yake mwenyewe hataogopa, na atarudi kwao kueleza kuliko wewe.

Rangi iwe ya mafuta, mbili mara, kabla ya mvua ya kwanza, ao kutu itakula kazi yako mbele ya Noeli. Kila mwezi utie tone la mafuta ku ekseli. Na kama usiku unasikia chuma kinalia kwii, kwii, usingoje jirani akuje kubisha ku dirisha na miguu wazi: amka wewe kwanza, uchukue kopo ya mafuta.