Mtoto akija na swali la historia, fungua sanduku la babu

Mtoto wa darasa la tano anarudi nyumbani Ibaba na swali kwenye daftari: eleza historia ya kijiji chako. Mzazi anamwelekeza kwa kaka yake mwenye simu. Kaka anaperuzi, anakuta mistari michache: Ibaba ni kata ya wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, na idadi ya wakazi. Mtoto ananakili, mwalimu anaweka vema. Babu yake, aliyekuwa pale pale akiota moto, hakuulizwa kitu.

Jambo hili limekuwa zito zaidi sasa kuliko zamani. Katika mtaala mpya, ulioanza kutumika hatua kwa hatua Januari 2024, Historia ya Tanzania na Maadili ni somo la lazima, na linafundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Hilo la lugha si dogo. Maneno ya babu sasa yanaweza kuingia kwenye daftari la kidato cha kwanza bila kupitia Kiingereza. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwonyesha mtoto namna ya kuyachukua.

Wanahistoria huita ushahidi wa aina hii vyanzo vya msingi, yaani kitu kilichotoka kwa aliyekuwepo au kilichoandikwa wakati jambo linatokea: barua, risiti ya kodi, picha, kaburi, masimulizi ya aliyeona. Kitabu cha kiada ni cha mtu aliyekusanya hayo baadaye.

Wengi hudhani vyanzo hivyo viko Dar es Salaam tu, kwenye Nyaraka za Taifa. Kweli vipo huko, hata majalada ya Wajerumani. Lakini nyumba nyingi huku zina sanduku la bati. Ndani kuna kadi ya TANU, cheti cha ubatizo, karatasi za mauzo ya kahawa. Wengine wana vyeti vya Wenela, ile kampuni iliyochukua vijana wa kusini-magharibi ya Tanganyika kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, mpaka serikali ilipokomesha safari hizo baada ya uhuru. Cheti kimoja cha namna hiyo kinamfundisha mtoto mengi kuliko kurasa kumi za kukariri.

Na si jambo jipya nchini. Mwaka 1968 wanahistoria wa chuo kikuu Dar es Salaam waliwatuma wanafunzi wao vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Maofisa wa Kijerumani walikuwa wameandika sana habari za waganga na ushirikina. Wazee walieleza pia kulimishwa pamba kwa nguvu na viboko. Tungebaki na majalada pekee, tungeijua vita ile kwa macho ya aliyeshika bunduki.

Ila mzee naye hukosea, na hapa ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Ampe mwanafunzi swali dogo, si historia yote ya kijiji: shule yetu ilijengwa na nani? Watu walihamaje wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970? Kisha amfundishe kuuliza: uliliona mwenyewe au ulisimuliwa? Ulikuwa na umri gani? Mzee asipokumbuka mwaka, aulizwe kama ni kabla ya Uhuru wa 1961, wakati reli ya TAZARA inajengwa kati ya 1970 na 1975, au wakati wa vita vya Kagera. Baada ya hapo aende kwa mzee wa pili. Wakitofautiana, mwalimu asikimbilie kusema nani mkweli. Tofauti yenyewe ndiyo somo la siku hiyo.

Karatasi nayo ihojiwe. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliufanya mto Songwe kuwa mpaka. Ulitiwa saini Berlin, na hakuna mtu wa huku aliyeulizwa. Mto haukusoma mkataba. Upande wa chini, kuelekea Ziwa Nyasa, umekuwa ukihama mkondo na kuleta utata wa mpaka. Mwanafunzi mwenye ndugu ng'ambo, Malawi, ana la kuuliza nyumbani ambalo mkataba haulijibu.

Walimu watasema muda hautoshi na mtihani unasubiri. Ni kweli, na darasa lenye watoto wengi haliwezi kuhamia kwa mzee mmoja. Lakini kazi moja kwa muhula inawezekana, watoto watano watano, kila kundi na mzee wake.

Kwa mzazi: mtoto akija, mpe nafasi ya kuuliza. Kama mzee anasimulia kwa lugha ya nyumbani, mtoto aandike neno kama lilivyotamkwa, kisha maana yake kwa Kiswahili. Karatasi isitoke nyumbani. Ipigwe picha kwa simu, kwa ruhusa ya mwenyewe, mbele na nyuma, maana nyuma mara nyingi kuna tarehe au mhuri. Na kwenye msiba, kabla vitu vya marehemu havijachomwa au kugawanywa, mtu mmoja akae na lile sanduku, atoe karatasi zote na kuzisoma.