Alama za Mtumishi ni Ushahidi

Kirangozi wa misafara ya Tabora kwenda Bagamoyo alitembea njia ile ile na wapagazi wake; aliwajua. Leo mkuu wa kazi serikalini humpa mtumishi alama kupitia PEPMIS, mfumo wa kompyuta ulioshika nafasi ya fomu za OPRAS zilizoanza mwaka 2004. Mtumishi huandika kazi alizotenda, mkuu huthibitisha. Ni jambo jema, kwani kumbukumbu haipotei tena kabatini. Lakini mfumo husoma kilichoandikwa tu. Haumwoni mwalimu wa kijijini Uyui aliyefundisha mwezi mzima akakosa mtandao. Kutoa alama ni kutoa ushahidi, na onyo la Suratul Mutaffifin haliishii kwenye mizani ya sokoni. Mkuu asiyepata kufika darasani kwa mwalimu huyo asibonyeze kitufe, aende kwanza.