MNAGOMBANIA KEKI, NA SIMU NDIYO INAYOMLEA MTOTO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nimeletewa swali na dada yetu mmoja wa Mikindani, Mtwara. Nalifupisha, na jina lake nalisitiri. Mwanawe anatimiza miaka sita. Mtoto anapenda gemu ya Mario, yule fundi bomba mwenye kofia nyekundu. Mama hana pesa ya ukumbi wala ya mapambo ya dukani. Akakusanya katoni tupu za sabuni na za maji ya chupa, akazibandika karatasi za njano, kila boksi akalichora alama ya kuuliza, ndani akaweka kashata na ubuyu. Uyoga wa kwenye gemu akautengeneza kwa bakuli kuukuu na kitambaa chekundu. Akaalika watoto wa majirani, uani kwake, saa kumi alasiri. Picha ilipofika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, wakamwandama. Huyu anamwambia ameingia sikukuu ya makafiri, yule anamtaka atoe shahada upya. Anauliza: Sheikh, nimetoka katika Uislamu?

Jibu kwanza, maelezo baadaye: HUJATOKA, dada yangu. Futa machozi, swali swala zako, lea mwanao.

Sasa nina maneno na wengine.

*KWENU MLIOMKUFURISHA*

Katika Hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kuwa anayemwita nduguye kafiri, neno hilo halipotei hewani. Litamshukia mmoja wao. Kama aliyeitwa hakustahiki, linamrudia aliyelisema. Umeliandika neno zito namna hiyo kwa kidole gumba, umejilaza kitandani, kwa sababu ya katoni ya sabuni! Jambo ambalo hata aliyelishikia ukali wote hulihesabu kuwa ni bidaa na kujifananisha na wasio Waislamu, wewe umelivusha hadi kumtoa mtu katika mila. Nani kakukalisha kwenye kiti hicho?

Na hukumu yenyewe ina maneno. Wanazuoni wamehitilafiana, na mwenye elimu hafichi hitilafu ili ashinde ubishi. Wapo waliokataza kusherehekea siku ya kuzaliwa, akiwemo Sheikh Ibn Baz wa Saudia. Hoja yao ni Hadithi ya kujifananisha na watu wengine, aliyoipokea Abu Dawud, na ile ya Anas, kwamba Mtume alifika Madina akakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawajulisha kuwa Allah amewabadilishia mbili bora zaidi: Idd ya kuchinja na Idd ya kufungua. Wapo wengine wanaosema hii ni ada tu. Mtu asipoiitakidi kuwa ibada, na asipoingiza haramu ndani yake, hukumu yake ni hukumu ya ada nyingine.

Mimi ni katika wanaosema bora kuiacha, hasa ile ya kila mwaka yenye mishumaa na kunong'ona matakwa. Anayetaka kumshukuru Allah kwa mtoto ana akika, ana sadaka, ana dua usiku na mchana. Lakini kauli yangu hiyo hainipi fimbo ya kumchapia dada aliyeshika kauli nyingine.

*KATONI HAINA KOSA*

Tena nawauliza wenye hasira: kitu gani hasa kiliwakera kwenye picha ile? Mama kumkatia mwanawe katoni?

Bibi Rubayyi binti Muawwidh (r.a.) ametusimulia walivyokuwa wakifunga Ashura pamoja na watoto wao wadogo. Waliwatengenezea watoto vitu vya kuchezea kwa sufi. Mtoto akililia chakula, humpa kile cha kuchezea mpaka magharibi iingie. Imo kwa Bukhari na Muslim. Hao ni wanawake wa Kiansari, na mikono yao ilifanya kazi ileile aliyoifanya dada yetu wa Mikindani.

Na Mama Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Mtume alipomwona akauliza ni kitu gani, na farasi gani huyo mwenye mbawa. Aisha akamjibu: kwani hujasikia kuwa Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hii iko kwa Abu Dawud. Mtukufu wa viumbe alikicheka kichezeo cha matambara kwa furaha, na wewe umekikunjia uso kichezeo cha katoni!

*LAKINI MARIO ALIFIKAJE NYUMBANI?*

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Hapa namgeukia mama pia, na nyote mliokuwa mkimtetea.

Mario hakuja Mikindani kwa dau kutoka Msimbati. Ameundwa Japani, na gemu ya Super Mario Bros. ya kampuni ya Nintendo ilitoka mwaka 1985. Mtoto wa miaka sita hapa kwetu amemjulia kwenye simu. Nani alimpa simu? Kwa saa ngapi? Na baada ya Mario kumalizika, simu ilimletea nini bila ya yeye kuomba?

Gemu hazilingani. Fundi bomba anayeruka mabomba na kuokota sarafu ni jambo moja. Grand Theft Auto ni jambo jingine: gemu ya kuiba magari, kuua na uchafu wa kila aina, ambayo Ulaya imewekewa alama ya miaka 18. Watoto wetu wanaicheza kwenye vibanda vya PlayStation kabla hawajaota meno ya utu uzima. Mwaka 2020 gemu ya PUBG Mobile ilileta toleo ambalo mchezaji anaisujudia sanamu ili apate nguvu. Waislamu walipolalamika, kampuni ikakiondoa kipengele hicho. Jiulize: mtoto wako aliicheza kabla hakijaondolewa? Hujui. Hujui kwa sababu hukuwepo.

Na wenye gemu wanajua wanachokifanya. Desemba 2022 Epic Games, kampuni ya gemu ya Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza mashauri yaliyofunguliwa na Tume ya Biashara ya Marekani. Sehemu ya madai ni kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na sehemu nyingine ni kuwapangia wachezaji vitufe vya hila wanunue vitu bila kukusudia. Huyo ndiye anayekaa na mwanao wewe ukiwa unapika, unauza genge, au unabishana kuhusu keki.

Wasiomwamini sheikh wawasikie madaktari. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku akiwa amekaa mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe kabisa. Na tangu Januari 2022 uraibu wa gemu umo katika orodha yao ya magonjwa. Sisi tunamnyamazishia mtoto anayenyonya kwa simu!

Ndugu zangu, sherehe ile ilikuwa ya saa mbili. Simu ni ya mwaka mzima. Kundi zima la mtaa limesimama kidete dhidi ya saa mbili, na halina neno hata moja juu ya mwaka mzima.

*UNAFIKI WA MICHANGO*

Na sisi watu wa kusini tusijifanye hatuijui israfu. Pesa ya korosho ikiingia, nani anahesabu? Mtoto akitolewa jando, mwari akitolewa unyagoni, spika zinakodiwa, sare zinashonwa, watu wanakopa, wanaume na wanawake wanachanganyika usiku kucha, na alfajiri msikiti una safu moja. Kundi la WhatsApp lililomkufurisha mama wa katoni ndilo linalokusanya michango ya mambo hayo, na majina ya waliochanga yanatangazwa kwa fahari. Hapo hakuna anayekumbuka kuwa Qur'an, katika Suratul-Israa, imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Mama asiyekopa shilingi ndiye aliyeonekana mkosa.

*NA BABA YUKO WAPI?*

Nimelisoma swali la dada yetu mara tatu, sikumwona baba. Hakukata katoni, hakukataza, hakuuliza. Simu aliinunua yeye.

Al-Aqra bin Habis alimwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, akajigamba kuwa yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamwambia kuwa asiyehurumia hatahurumiwa. Akina Aqra wa leo wamejaa barazani. Mtoto akililia kucheza na baba, anapewa simu anyamaze. Halafu mtoto huyo akipenda kilichomo ndani ya simu, baba anapiga kelele kuwa kizazi kimeharibika. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Hutaulizwa na kundi la WhatsApp.

*NASAHA ZANGU KWAKO, DADA YANGU*

1. Usiifanye kuwa desturi ya kila mwaka. Mwaka mzima una siku za kuwafurahisha watoto, na Idd mbili ndizo za mwanzo. Katoni zile zitapendeza zaidi siku ya Idd, mtaa mzima ukija.

2. Hiyo uliyokwisha kuiandaa, ifanye karamu ya watoto tu. Ondoa mishumaa na muziki. Waanze kwa Bismillah, wale, wacheze, wanawe, magharibi iwakute wako tayari.

3. Usiigeuze kuwa mtihani wa madrasa. Waache watoto wagonge maboksi yao na wacheke. Dini yetu haiogopi kicheko cha mtoto.

4. Mwite na yule mtoto wa jirani asiye na cha kuleta, na umtangulize yeye kufungua boksi.

5. Picha za watoto zisizunguke mitandaoni. Furaha ya nyumba ikae nyumbani.

6. Simu irudi mikononi mwako siku hiyohiyo. Umekwisha kuona kuwa mtoto hakuhitaji skrini ili afurahi. Alikuhitaji wewe, mkasi na gundi. Basi mpe hivyo wiki nyingine, na nyingine.

7. Mwakani atatimiza miaka SABA. Umri huo una amri yake: Mtume ametuagiza tuwaamrishe watoto swala wakifika miaka saba, kama ilivyopokewa na Abu Dawud. Anza sasa kumhesabia mwezi kwa mwezi. Mshonee kanzu, mtafutie msala wake mdogo, na baba amshike mkono ampeleke msikitini. Mtoto anayependa kupanda hatua kwa hatua kwenye gemu ataielewa hatua hiyo, akiona wazazi wake wameifurahia kuliko keki.

Na wewe uliyeandika kwenye kundi kuwa dada huyu amekufuru: lifute neno lako. Umemvunjia heshima mbele ya mtaa, basi umwombe radhi mbele ya mtaa. Ukishamaliza, nenda kamtafute mwanao uone simu imemfundisha nini leo. Allah ametuamrisha katika Suratut-Tahrim, aya ya 6, tujikinge na Moto sisi na watu wa nyumba zetu. Nyumba yako anza nayo.

Ewe Mola wetu, tupe watoto watakaokuwa kiburudisho cha macho yetu, na uwape wazazi wenye subira, upole na muda. Aamiin.

Wallahu a'lam.

Ukinufaika, mfikishie baba mmoja unayemjua. Akina mama wameshasemwa vya kutosha wiki hii.